Akrabu ya Saa: siku nane Ibra na Bidiyah

Alkhamisi, Julai 13. Unguja hadi Maskati

Shangazi alipiga simu asubuhi nikiwa bado nafunga sanduku. Hakuuliza kama tiketi ipo, wala kama nimemchukulia karafuu alizoagiza. Aliuliza viatu.

"Umechukua vya kufunika?"

"Nina kandambili mpya, shangazi."

"Hizo za kuendea msalani. Huku Manga mtu hatoki uani usiku na kandambili. Nunua raba."

Nikanunua raba Darajani, za watoto wa skuli, maana ndizo zilizonitosha.

Mtu wa miaka sitini anakwenda kutafuta nini huko Manga, yaani Oman, katikati ya Julai, wakati wenyewe wenye nafasi wanaikimbia? Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31, mingi katika wodi ya watoto, na sasa nimestaafu. Shangazi yangu, dada yake baba, aliolewa Ibra, mashariki mwa Oman, mwaka 1974. Mjukuu wake mmoja kafuata kazi yangu, ni muuguzi huko huko, mkoa wa Sharqiyah, na kila msimu wa joto hunitumia ujumbe wa sauti: leo wameletwa watatu, leo wanne, wote nge. Mwaka huu akanambia, "Shangazi, ukitaka kuyaona kwa macho yako njoo wakati wa tende." Basi nimekuja wakati wa tende.

Nge namjua, lakini wa kwetu. Aliniuma nikiwa na miaka minane, banda la kuni, kidole cha kati. Bibi yangu alinifunga kamba kwenye kifundo cha mkono, akanichanja kwa wembe, akapaka mafuta ya taa na thomu. Maumivu ya nge yaliisha kabla ya alasiri. Kidonda cha wembe kikanisumbua wiki tatu.

Ndege imechukua kama saa tano. Tumeshuka Maskati usiku na joto limenipokea mlangoni, kama mtu aliyefunua chungu akaniinamisha uso juu yake.

Ijumaa, Julai 14. Maskati hadi Ibra

Tumeondoka mapema, binamu akiendesha. Njia inapita Bidbid halafu inakata milimani, lami tupu, kilomita 150 hivi. Milima haina hata jani, mawe meusi na ya kahawia yaliyopangana kama vipande vya kashata. Binamu anapenda kukumbusha kwamba mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na kilomita 10 za lami na shule tatu. Huyasema hayo kila anapopita mtu aliyezoea kulalamika, na nadhani mimi nilikuwa nimelalamika kuhusu kiyoyozi.

Ibra ni kama nyumbani kwa namna isiyoelezeka vizuri. Mtaa wa kale wa al-Minzfah una magofu ya nyumba kubwa za udongo na mawe zilizojengwa kwa mali ya biashara ya pwani yetu, na sokoni unaweza kusikia mzee akigombana na muuza samaki kwa Kiunguja safi, cha zamani, kile ambacho Unguja kwenyewe kinapotea. Nilipomwamkia shangazi "shikamoo", alinivuta kichwa akanibusu, akaitikia "marahaba mwanangu", kisha akatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa zile raba.

Nyumba yake ina sheria. Viatu vinakung'utwa kabla ya kuvaliwa, hata kama umevivua sasa hivi. Kitanda hakigusi ukuta. Shuka haiburuzi chini. Mswala haukunjwi ukaachwa pembeni, unatundikwa. Na kila mguu wa kitanda chake umesimama ndani ya gudulia la kioo, kwa sababu nge hapandi kioo, anateleza. Nimeijua kanuni hiyo kwenye vitabu. Sijawahi kuona kitanda kizima kikiifuata.

Ukutani pana saa kubwa ya mbao. Baada ya chakula nilimwona akiitazama, nikamuuliza imetoka wapi. Akanisimulia habari ambayo kumbe kila mtu wa nyumba ile anaijua. Mwaka 1969, kabla yeye hajafika Manga, dada mdogo wa mumewe, mtoto wa miaka minne, aliumwa na nge baada ya maghribi katika kijiji kimoja cha mlimani huko nyuma. Alisomewa. Akachomwa chuma cha moto mguuni, wasm wanaita, dawa ya kila kitu wakati ule. Usiku wa manane akawa anatapika, anatoka jasho kama kamwagiwa maji, macho hayatulii. Ndipo wakampandisha punda hadi penye gari, na gari likaelekea Matrah, karibu na Maskati, kwenye hospitali ya wamisionari wa Kimarekani. Hakufika. Kaka yake, ndiye aliyekuja kuwa mume wa shangazi, alikuwa na saa ya mkononi, ya kwanza kijijini, na njia nzima alikuwa anaitazama. Alipopata pesa zake za kwanza alinunua hii ya ukutani.

"Nge hakumuua," shangazi akasema. "Njia ndiyo iliyomuua."

Usiku nimekaa na neno moja. Kiarabu, nge ni akrabu. Kwetu akrabu ni mshale wa saa. Nimelitamka neno hilo maisha yangu yote kwa wagonjwa, "akrabu ikifika hapa umeze tena kidonge", na sikuwahi kumwona mdudu ndani yake.

Jumamosi, Julai 15. Ibra

Nyuzi 44 mchana. Hakuna aliyetoka. Tumelala, tumekula halwa, tumelala tena.

Baada ya isha mtoto wa binamu, kijana wa miaka 16, alinijia na taa ndogo ya kukagulia noti bandia, ile inayotoa mwanga wa zambarau. Kaiazima kwa muuza duka. "Shangazi, vaa raba zako."

Tulikwenda shambani nyuma ya nyumba, penye minazi, nimezoea kusema minazi, ni mitende, na ukuta wa zamani wa udongo uliobomoka nusu. Usiku wa giza, mwezi hakuna. Kwenye mbalamwezi nge hujificha zaidi. Kijana akazima tochi ya simu akawasha ile taa. Nikaona ukuta na kivuli tu. Halafu, kimo cha goti langu, kitu kikawaka kijani kibichi cha kuelekea buluu, kama maandishi ya saa ya kale gizani. Nge mzima. Ganda lake lina vitu vinavyorudisha mwanga ule, hata aliyekufa miaka mingi huendelea kung'aa. Aliyetoka kujivua gamba ndiye hang'ai, mpaka ganda jipya likauke.

Tulihesabu kumi na moja ndani ya nusu saa, katika ukuta ambao mchana nilikuwa nimeuegemea nikinywa kahawa.

Kijana anajua kuwagawa. Mwenye magando makubwa na mkia mwembamba, mara nyingi anabana kuliko anavyouma. Mwenye magando membamba na mkia mnene, huyo rudi nyuma. Kanuni nzuri, lakini haitoshi kuwekea roho. Kusini magharibi mwa Irani, Khuzestan, yupo nge wanayemwita gadimu, ana mkia mrefu mwembamba na kuuma kwake hakuumi sana mwanzoni, mtu anapuuza, kisha sumu yake inaozesha nyama na kuvunja chembe za damu. Lakini kwa hapa Sharqiyah kanuni ya mkia inafaa. Mmoja wa wale kumi na mmoja alikuwa mweusi tii, mkia mnene kama kidole changu cha mwisho. Androctonus crassicauda. Nilirudi nyuma.

Jumapili, Julai 16. Kituo cha afya

Leo ndiyo siku niliyoijia. Binti, yule mjukuu wa shangazi aliye muuguzi, kaniombea ruhusa, nimekaa kwenye kiti cha pembeni kama mwanafunzi.

Chumba cha dharura kidogo, safi, vitanda vitatu. Ukutani pana picha za nge na mshale unaoonyesha hatua za kufuata. Mpaka adhuhuri wameingia wawili. Wa kwanza mama wa makamo aliyeumwa mkononi akikunja mazulia: maumivu makali, ganzi, hakuna zaidi. Akapewa dawa ya maumivu, akachomwa sindano ya ganzi pale pale kwenye kidole, akaambiwa akae. Alitaka kwenda kupika. Binti akamwambia kwa adabu kwamba mchele utangoja.

Hapo pana siri nzima ya ugonjwa huu, na watu wengi hawaioni. Wengi wanaoumwa na nge hawapati ila maumivu. Kwa hiyo kila dawa ya kienyeji imewahi "kuponya": wembe umeponya, mafuta ya taa yameponya, jiwe jeusi limeponya, nge aliyepondwa akapakwa ameponya. Wangepona hata kwa kutafuna karanga. Wale wachache ambao sumu imewaingia hasa, tena wengi wao ni watoto, ndio wanaofia kwenye sifa hiyo.

Nimeandika katika daftari namna binti alivyomweleza mwanafunzi wa mazoezi, maana alieleza vizuri kuliko nilivyofundishwa. Katika neva kuna vijilango vya kupitisha sodiamu, vinafunguka na kufungwa kufumba na kufumbua. Sumu ya nge inavishikilia visifunge. Basi neva zinapiga kelele bila kunyamaza, na mwili unamwaga adrenalini kana kwamba mtu anakimbizwa na simba na hafiki. Mate, jasho, kutapika, presha juu, moyo mbio. Kwa mtoto wa kiume uume husimama, na hiyo ni alama ambayo daktari hahitaji kuitazama mara mbili. Kisha moyo unachoka. Ukichoka, maji yanajaa mapafuni, na mtoto anaanza kukohoa povu. Yote hayo yanaweza kutokea ndani ya saa chache. Ndiyo maana mama yule alikalishwa.

Kwa aliyeingiwa na sumu mwilini ipo dawa ya kuivunja, serumu inayotengenezwa Riyadh kwa damu ya farasi waliozoeshwa sumu kidogo kidogo. Nikauliza dozi ya mtoto. Binti akacheka, alijua nitauliza. Miaka 31 nimepima dawa za watoto kwa kilo zao: robo kidonge, nusu kijiko. Hapa haipunguzwi. Nge hakupunguza sumu kwa sababu mguu ni mdogo. Dawa inapimana na sumu, haipimani na mtoto. Nilikaa nikaitafakari hiyo kuliko kitu chochote nilichokiona leo.

Daktari wa zamu ni Mhindi, mtu wa Maharashtra, na tulipokuwa tunakunywa chai alinisimulia kwao. Katika mji wa Mahad, pwani ya Konkan, daktari mmoja, Himmatrao Bawaskar, aliona miaka ya 1970 na 1980 jinsi watoto walivyokuwa wakifa kwa mapafu kujaa maji baada ya kuumwa na nge mwekundu. Serumu haikuwepo. Akajaribu prazosini, kidonge cha presha cha bei ndogo kinacholegeza mishipa iliyobanwa na ile adrenalini, na vifo vikashuka sana. Kidonge cha kituo cha kijijini, hakihitaji friji wala farasi. Moroko nao, mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliacha kabisa kutumia serumu na nguvu zao wakazipeleka kwenye kumtambua mapema mgonjwa mzito na kumfikisha chumba cha uangalizi mahututi. Wataalamu wanabishana mpaka leo.

"Serumu si hirizi," daktari alisema. "Ukiifunga shingoni mtoto akaja saa ya kumi tangu aumwe, haifanyi kitu."

Nge mwingine wa hapa ana jina la mwenzake daktari huyu. Hottentotta jayakari, mwenye rangi ya kahawia, wa mawe na mabonde, kaitwa kwa jina la Atmaram Jayakar, daktari wa Kihindi aliyekaa Maskati karibu miaka 30 mwishoni mwa karne ya 19, akikusanya samaki na wadudu na kuwapeleka London, na akikusanya methali za Waomani pia. Mbuzi mwitu wa milima ya hapa naye ana jina lake. Nimefurahi kwamba mtu mmoja ameachiwa mbuzi, nge na methali.

Jioni binti akanipa hesabu ya dunia kama ilivyokadiriwa: watu zaidi ya milioni moja huumwa kila mwaka, na wanaokufa ni zaidi ya 3,000. Wengi ni wa ukanda wa Sahara, Mashariki ya Kati, Irani, India, Meksiko, Brazili. Nyoka aliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Nge kasahauliwa hata katika orodha ya waliosahauliwa.

Jumatatu, Julai 17. Bidiyah

Tumekuja Bidiyah kwa jamaa za mumewe shangazi, mlango wa jangwa, kuona tabsili. Huu ndio msimu wake. Tende za mabsli, za manjano na bado ngumu, zinachemshwa katika masufuria makubwa ya shaba juu ya tanuri la udongo, kama robo saa hivi, halafu zinaanikwa juani siku kadhaa mpaka zikauke. Nyingi zilikuwa zikienda India tangu enzi za majahazi, na mpaka leo zinakwenda. Harufu ni ya sukari na moshi. Kuni ni makuti makavu, vigogo na makole ya mtende yaliyokaa rundo mwaka mzima. Mwenye kumjua nge anajua kwamba rundo kama hilo ndilo maficho yake.

Kazi inafanywa usiku na alfajiri sababu ya joto. Vibarua sita, wote wa Bangladesh, vijana. Watano wamevaa ndara za plastiki. Wa sita hana kitu.

Sijui kama niliiona au naikumbuka tu hivyo kwa sababu ya yaliyofuata, lakini nilimtazama miguu yule asiye na kitu nikasema moyoni, shangazi angekuona.

Saa tatu na dakika kumi, kijana mwingine, mwenye ndara, alitupa mzigo wa makuti na kuketi chini ghafla. Hakupiga kelele. Alishika kidole gumba cha mguu, akauma meno, akawa anavuta pumzi kama mtu anayepuliza moto. Wenzake walifanya walichofundishwa na dunia nzima: mmoja akachana kitambaa akamfunga juu ya kifundo, akakaza, mmoja akaenda na ubao kumtafuta nge, mmoja akatoa kisu.

Kisu nilikichukua mimi. Sijui nilisema kwa lugha gani. Nadhani kwa ile sauti ya wodini, ambayo haina lugha. Nikafungua kitambaa, maana kufunga kunabana damu na sumu hainasi hapo. Mwisho wake ni mguu kuvimba na kidole kufa. Nikamketisha asitembee. Barafu kutoka kwenye sanduku la maji ya kunywa nikaiviringa katika kanga yangu, nikaiweka juu ya kidole. Yule wa ubao alirudi na nge ndani ya chupa ya maji, anajivunia; si lazima, na ningependa kusema kwa kila atakayesoma: usimfukuze mdudu usiku, utaleta wagonjwa wawili. Lakini kwa kuwa alikwisha kamatwa, nikamtazama. Mweusi. Mkia mnene.

Msimamizi alisema tungoje tuone. Binamu hakumjibu, alileta pikapu.

Njiani shangazi, ambaye tulimwambia abaki, alikuwa kiti cha mbele. Alikuwa anasoma Falaqi na Nasi, kwa sauti ya chini, moja kwa moja. Imepokewa kwamba Mtume naye aliumwa na nge akiwa katika Swala, akaagiza maji na chumvi, akapaka na kusoma. Wapo wauguzi wenzangu wanaoona kisomo ni adui wa hospitali. Sijawahi kuelewa. Adui ni kuketi ukingoja. Shangazi alisoma gari likienda kilomita mia kwa saa.

Mimi nyuma nilikuwa na kijana na kazi yangu ya kale: kuhesabu mapigo. Na nilikuwa na tatizo moja. Alikuwa amelowa jasho. Sasa jasho lile ni la nge au la tanuri? Sote tulikuwa tumelowa. Nikampangusa paji la uso kwa pindo la nguo, nikangoja kuona kama litarudi. Likarudi. Nikapangusa tena. Likarudi kidogo. Mara ya tatu halikurudi. Sijawahi kutazama paji la uso la mtu kwa makini vile.

Tumefika saa nne kasorobo. Presha imepanda kidogo, mapigo 110, hatapiki, mate hayamtoki, picha ya moyo safi. Sindano ya ganzi kwenye kidole, na uso wake ukafunguka kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Serumu hakupewa, hakuihitaji. Amekalishwa mpaka alfajiri.

Usiku, kwa Kiarabu chake cha vibarua na changu cha msikitini, tulizungumza. Miaka 21. Na mwaka jana aliumwa pia, mkononi, shamba jingine. Alifanya nini? Alilala. Alitapika usiku kucha, asubuhi akaingia kazini. Hakwenda popote kwa sababu hakujua kama anaruhusiwa.

Basi yule wa mwaka jana hayumo katika daftari lolote. Sikuweza kuacha kuwaza ile "zaidi ya milioni moja" ya jana.

Jumanne, Julai 18. Ukingo wa mchanga

Nimelala mpaka adhuhuri.

Jioni binamu kanipeleka kidogo ndani ya mchanga wa Wahiba. Matuta mekundu, yamenyooka kaskazini kwenda kusini, karibu kilomita 180 mpaka baharini. Kwa ile taa ya noti tumemwona nge wa ajabu wa mchanga, wa rangi ya majani makavu, ambaye pingili moja ya mkia imetanuka kama sahani. Aina yake iliandikwa mara ya kwanza mwaka 1932, kutokana na wadudu aliorudi nao Mwingereza Bertram Thomas alipovuka jangwa la Rub al Khali kati ya 1930 na 1931. Nge huyo alitutazama, au alielekea tulipo, akajizika.

Mbali milimani palikuwa na wingu jeusi. Mvua za kiangazi huku ni za ghafla, na mabonde yanajaa bila wewe kupata tone. Binamu akakumbuka Aswan, Misri, Novemba 2021: mvua kubwa na mafuriko vilifukua nge mashimoni, wakaingia majumbani, watu zaidi ya 500 wakafika hospitalini kwa kuumwa ndani ya muda mfupi. Wizara ya Afya ya huko ilitangaza kwamba hakuna aliyekufa kwa nge, dawa zilikuwepo. Aswan wanaishi na nge tangu mafarao, walijua pa kukimbilia. Nikawaza wangekuwa wapi watu mia tano wa mahali ambapo kituo kiko mwendo wa siku. Mwenzangu mmoja aliwahi kufanya kazi Turkana. Alikuwa akimwuliza kila mgonjwa kwanza, "Umetembea tangu lini?", ndipo aulize anaumwa nini.

Jumatano, Julai 19. Ibra

Leo soko la wanawake, linalofanyika Jumatano, muuzaji mwanamke, mnunuzi mwanamke. Nguo za nyuzi za fedha, wanja, ubani, mafuta ya nywele. Shangazi anabishana bei kama hakuwahi kuondoka Darajani.

Mama mmoja mzee anauza dawa za miti, na shangazi, kwa uchokozi tu, akamwambia mimi ni tabibu wa nge kutoka Zanjibari. Mama akanitazama juu chini. Akanionyesha kovu la duara mguuni mwake, la wasm, alichomwa akiwa mtoto kwa ajili ya nge. Nikamuuliza mjukuu wake akiumwa leo atamchoma? Akashangaa swali.

"Nitampeleka hospitali. Ni dakika kumi."

Halafu akaniuzia ubani kwa bei ya mgeni.

Alkhamisi, Julai 20. Maskati, kiwanja cha ndege

Shangazi hakuja kuniaga kiwanjani, hapendi viwanja. Alinifungia tende za mabsli kilo tatu, akanipa magudulia manne ya kioo yaliyofungwa katika magazeti, ya miguu ya kitanda changu. Nimemwambia nge wa Unguja si kitu. Akasema ndiyo, lakini kitanda ni kile kile.

Nikiwa kwenye foleni binti kanipigia simu. Kijana wetu yu mzima, karudi kazini tangu jana. Binti alikwenda mwenyewe kuzungumza na msimamizi: vibarua wavae viatu vya kufunika na glavu, kuni zigeuzwe kwa fimbo kabla ya kushikwa, magodoro yasilale chini. Msimamizi alimsikiliza kwa heshima, akamkaribisha kahawa. Jana hiyo hiyo akanunua mabuti.

"Mangapi?" nikauliza.

"Pea mbili, shangazi."

"Na wao ni sita."

"Ni sita. Wanapokezana."